Kiko Kisichoomba Moto

Siku mkwe wangu aliponiwekea kile chombo kiganjani, ningeweza kumwambia: asante, mwanangu, lakini kaa nacho. Asingechukia, maana ni mtu wa heshima. Sikumwambia hivyo. Nilifunga vidole, nikahisi ubaridi wake na uzito wake mdogo, kama jiwe la mtoni, na kabla hajamaliza kunieleza kinavyotumika nilikuwa nimeshakikubali. Nimefanya maamuzi mengi mabaya maishani, mengine kwa njaa, mengine kwa hasira. Hili nililifanya nikiwa nimeshiba, nimeketi barazani kwangu hapa Kasongo, na nina furaha.

Mkwe wangu ni mtu wa Bukavu. Alifika Lusangi kutafuta dhahabu kama wengine, akaacha kuchimba akaanza kununua, na huko huko akamwoa binti yangu wa mwisho. Kila anapokuja kwetu huja na kitu mkononi. Safari ile binti yangu alikuwa amemsumbua kuhusu kifua changu, kwamba usiku nakohoa mpaka kuku wanaamka. Nilikuwa navuta tumbaku tangu nilipomaliza shule ya sekondari. Nilivuta kwa kiko, tumbaku ya majani ya kwetu Kabambare, ile inayosokotwa kama kamba na kukatwa kwa kisu. Madaktari walinikataza mmoja baada ya mwingine, nami niliwaitikia wote kwa adabu.

"Baba mukwe," aliniambia, "hii haiko moshi. Ni mvuke. Unatia maji yake hapa mu ubavu, unavuta, njo basi. Haina majivu, haina moto."

"Haina moto hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa ule moshi unatoka wapi?"

"Baba, nimesema haiko moshi."

Mke wangu alikuwa akichambua mchele kando yetu. "Umwambie tena," alisema bila kuinua macho. "Huyu ni mutu wa masomo, anapenda kufundishwa mara mbili."

Nitaeleza jinsi kilivyo, kwa sababu nakisifu mpaka leo na sitaki mtu adhani kwamba majuto yangu yanatokana na ubaya wake. Urefu wake ni kama kidole cha kati, na unene wake kama kiberiti kilicholazwa. Mwili ni wa chuma chenye rangi ya shaba iliyofifia. Sehemu ya juu inachomoka. Hiyo ni kichupa cheusi kinachopitisha mwanga, ukikiinua juani unaona maji yamebaki kiasi gani. Ubavuni mwa kichupa kuna kizibo cha mpira. Unakifungua kwa ukucha, unaingiza mdomo wa chupa ya maji, unabonyeza polepole, unafunga. Kisha unangoja, na hapo ndipo wenye haraka wanapokosea. Ndani ya kichupa mna pamba kidogo iliyozungukwa na waya mwembamba, na pamba hiyo lazima inywe kwanza. Ukivuta kabla haijalowa utaiunguza, na koo lako litakumbuka siku nzima.

Niliposikia kwamba ndani mna pamba, nilicheka. Katika ujana wangu nilikuwa karani wa kampuni ya pamba, nikipima magunia ya wakulima wa huku, na kabla yangu baba yangu aliilima kwa kulazimishwa. Pamba ilitutesa sisi vizazi viwili. Sasa hii hapa, kipande kidogo kama punje ya hindi, imekuja kunifanyia kazi mimi.

Hakina hata kitufe. Unakiweka mdomoni, unavuta, chenyewe kinajua. Taa ndogo kama jicho la panya inawaka: kijani kikiwa na nguvu, nyekundu kikichoka. Ukiiona nyekundu, unakichomeka kwa waya uleule wa simu, na kibamba cha umeme wa jua kilicho juu ya bati langu kinakijaza kabla ugali haujaiva vizuri. Nani asingekipenda?

Lakini siwezi kuendelea bila kumweleza kaka yangu.

Kaka yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, anakaa ng'ambo ya njia, nyumba yake ikitazama yangu. Baba alitugawa: mimi alinipeleka shule ya mapadri, yeye alimwachia babu, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwa hiyo mimi huenda kanisani na yeye huenda msikitini, na Kasongo hakuna anayeshangaa. Kazi yake ni kusuka mikeka na vikapu. Mke wake alifariki zamani. Binti yake huja jioni kutoka mtaa mwingine kumpikia, kisha hurudi kwa mumewe. Ni mtu mwenye kiburi cha kimya. Haingii nyumbani kwa mtu bila sababu, hata kwa mdogo wake. Tangu mke wake afariki sijawahi kumwona akija kwangu akasema, nimekuja tu kukaa.

Sababu yake ilikuwa moto. Naye alivuta kiko, na mafiga yake hayakuzimika kamwe, kwa sababu alikuwa akichemsha majani ya kupaka rangi ukindu wake. Kila asubuhi, akitoka swala ya alfajiri, alichochea moto, akawasha kiko chake, kisha akavuka njia na kaa moja jekundu juu ya kigae cha chungu, kuniwashia changu. Viberiti vilikuwepo. Kwenye kila kibanda cha chumvi na sabuni kuna viberiti. Lakini baba yetu alisema tumbaku iliyowashwa kwa kiberiti inanuka hospitali, na sisi tulikuwa tumezeeka tukiamini hivyo.

Alisimama mlangoni na kuniita kwa jina alilonipa tangu niajiriwe kwenye pamba.

"Sekretere. Umeamka ao ungali unaandika kitandani?"

"Nimeamka, sheikh wa vikapu. Leta moto."

"Moto gani? Ya kupanda ao ya kuwasha?"

Kwetu pikipiki pia huitwa moto, na utani huo aliurudia kila asubuhi kwa miaka mingi, nami kila asubuhi nilimjibu kitu. Nikisema ya kupanda, aliniambia matako yangu yamekonda, nitaanguka nyuma. Nikisema ya kuwasha, aliniuliza kama nimeoa mwanamke asiyejua kukoka. Mke wangu alimjibu kutoka ndani, naye akacheka, akaketi kwenye kigoda. Ndipo mambo mengine yaliposemwa: nani ameugua, mpunga umeingiwa na ndege upande gani, mguu wake ulivyoamka, tumbo langu lilivyolala. Wakati wa Ramadhani alikuja vilevile. Yeye mwenyewe hakuweza kuvuta. Alinishikia kaa mpaka kiko changu kikashika, akasema, "Uvutie na mimi," akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata ujio wa mkwe wangu, kaka alikuja na kigae chake kama kawaida. Alinikuta nimeshika chombo kipya, nimezungukwa na mvuke mweupe wenye harufu ya embe. Nilikuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Sekretere, unaungua?"

"Karibu, mkubwa wangu. Uone maajabu." Nikamweleza yote, kichupa, pamba, taa. Alisikiliza akiwa amesimama. Kaa lilikuwa likigeuka kijivu juu ya kigae. Akauliza, "Sasa hii moto yangu?"

Nami, kwa furaha yangu, nikapiga chombo kile kwenye goti na kumwambia: "Usijisumbue tena, mkubwa. Sasa miye niko na moto yangu."

Msomaji asiye wa kwetu hataona kosa hapo. Sisi ni Wabangubangu wa Kabambare, hata tukizaliana Kasongo mpaka mwisho wa dunia. Katika nyumba ya baba yetu, kijana akioa na kujenga, moto wa kwanza wa nyumba yake hutolewa kwenye mafiga ya baba, na baada ya hapo ndugu huchukuliana moto. Unaweza kumnyima ndugu chumvi, unaweza kumnyima jembe, mtagombana na yatakwisha. Moto haunyimwi wala haukataliwi. Na mtu anayetaka kujitenga na ndugu zake moja kwa moja, asiwaitikie tena kwenye msiba wala kwenye ndoa, ana sentensi moja ya kusema, nayo ni hiyo: mimi nina moto wangu. Niliisikia ikisemwa mara moja tu utotoni, baba mdogo akimwambia baba, na mama akaziba masikio yetu.

Niliijua sentensi hiyo. Nisijisingizie kwamba shule ilinisahaulisha. Niliijua, na siku ile ilinitoka mdomoni kama maneno mengine yoyote, kwa sababu nilikuwa nafikiria chombo wala simfikirii mtu. Mke wangu ndani aliacha kuosha vyombo. Kaka alinitazama kidogo. Akalimwaga kaa lile chini, akalikanyaga kwa kandambili yake, akasema, "Ni vizuri. Uwe nayo." Akavuka njia.

"Umesikia umesema nini?" mke wangu aliniuliza.

"Nilikuwa natania. Yeye mwenyewe ni mtu wa utani."

"Umufuate."

"Kesho atakuja."

Hakuja kesho yake. Nami sikwenda, maana sikuwa na la kufuata. Hapo ndipo ninapokiogopa chombo kile, kwa uzuri wake wenyewe. Kiko kingenisukuma. Asubuhi ya pili au ya tatu hamu ingenipanda, ningevuka njia nikiona haya, ningesema nipe moto, na yeye angenitukana kidogo, na yangekwisha. Chombo hiki hakikunisukuma popote. Kila kitu kilikuwa mfukoni mwangu.

Na kilinifaa sana. Nilikijaribu katika kila hali ya maisha ya mzee. Kwenye mkutano wa wazee wa parokia nilitoka nje, nikavuta mara mbili, nikarudi, hakuna aliyekunja pua. Shambani mvua ikinyesha, kiko kingekuwa kimezima. Hiki nilikifunika kwa kiganja nikaendelea. Mashati yangu yaliacha kutobolewa na cheche. Kikohozi kilipungua, kuku wakalala. Sisemi ni dawa. Hamu ni ileile, ndani ya maji yale mna kitu kilekile kilichonishika ujanani, na kwa siku ambazo sikukivuta nilikuwa mkali kama zamani. Nimebadilishiwa mlango tu, chumba ni kilekile. Lakini mlango huu haulii na haujazi nyumba majivu, na mke wangu, aliyenivumilia miaka yote ile, alianza kulala ameelekeza uso kwangu.

Kasoro zake ni chache nami nitazitaja. Nilipokwenda Kabambare kwa pikipiki, kwa jua na mashimo ya njia ile, maji yalivuja mfukoni, na shati langu jeupe likapata doa kama mtu aliyejeruhiwa. Tangu siku hiyo nikisafiri nakitia kimesimama, kichupa juu, hakivuji. Pamba nayo huchoka. Ladha ikianza kufanana na unga ulioungua, kichupa kizima kinabadilishwa. Na maji yenyewe hayauzwi Kasongo. Niliyategemea kwa mkwe wangu, naye aliyategemea kwa watu wa Bukavu. Nilimwomba aache ya maembe, aniletee yenye ladha ya tumbaku. Yale ya tumbaku yalinikumbusha tumbaku kama picha inavyomkumbusha mtu marehemu wake.

Kwa kaka, siku zilipita, zikawa majira. Nilimwona kutoka barazani akienda msikitini katikati ya wenzake. Nilimpungia mkono. Hakuitikia. Siku nyingine nilikutana naye karibu na soko, akiwa upande wangu wa kulia, tukapishana karibu kugusana mabega. Nikasema moyoni, ngoja nimwone atafanya nini. Alipita. Hakugeuza hata shingo.

Basi nami nikakasirika. Nilimwambia mke wangu, "Neno moja la mzaha, na mtu mzima ananipita kama nguzo."

"Wewe ulimusalimia kwa mudomo?"

"Nilimpungia mkono."

"Umusalimie kwa mudomo."

"Aanze yeye. Yeye ndiye mkubwa."

Nilisema hivyo nikivuta, na mvuke ukapanda taratibu kwenye bati.

Katika miezi hiyo madaktari wa macho walikuja hospitalini kwetu kwa muda mfupi. Pikipiki ilizunguka mitaani na kipaza sauti, ikiita wazee wote waende wakapimwe, hata wasioumwa. Ilipita kwenye njia ile inayotenganisha nyumba zetu mbili. Nilikuwa barazani. Nilikuwa nasafisha mdomo wa chombo changu kwa kitambaa, kazi ninayoipenda, na nikasema kwa sauti kwamba mimi macho yangu ni mazima, bado nasoma bila miwani. Ng'ambo ya njia mlango wa kaka ulikuwa wazi. Nilifikiri, akitaka ataenda.

Mvua za mwaka ule zilipokuja zilikuwa kubwa. Njia ya Lusangi ilikatika, magari yakazama, mkwe wangu akakwama huko na maji yangu. Niliyabana yaliyobaki, nikivuta kidogo kidogo, mpaka nikaiunguza pamba. Chombo kikawa kipande cha chuma tu, kimejaa umeme, na hakina la kufanya. Nilivumilia siku moja. Siku iliyofuata nilimsemesha mke wangu vibaya kabla ya chai, naye akaenda nyuma ya kabati, akatoa kiko changu cha zamani kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mezani pamoja na kipande cha tumbaku kikavu.

"Moto sina," alisema. "Jiko langu halijawaka, na kiberiti kimelowa." Kiberiti hakikuwa kimelowa. Nilikiona baadaye juu ya debe, kikavu kabisa.

Nikavuka njia.

Jua lilikuwa limeshapanda. Kaka aliketi nje kando ya mafiga yake, mkeka umelala magotini, vidole vinasuka. Nilisimama mbele yake, karibu kiasi kwamba kivuli changu kiligusa miguu yake. Nilikohoa. Akainua uso.

"Nani?"

Nilidhani ni utani. "Ni mutu amekuja kuomba moto."

Vidole vyake vilisimama. Kisha akasema, "Ya kupanda ao ya kuwasha?"

"Ya kuwasha."

"Si uko na moto yako?"

"Imezima, mkubwa."

"Ah." Akauweka mkeka kando. "Sekretere. Sauti yako imekonda."

Nikavuta kigoda kimya kimya, nikaketi. Yeye alichukua kigae kutoka mahali pake pa siku zote bila kupatafuta. Kisha akaanza kutafuta kaa. Koleo lake liligonga jiwe la mafiga, likagonga tena, likaenda kushoto mahali palipokuwa na majivu matupu. Mkono mwingine ulifuata kupapasa, na hapo nikaviona vidole vyake: kovu juu ya kovu, jingine bado jipya, lekundu.

"Mkubwa, hauone?"

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona wewe, umesimama pale."

"Nimekaa."

Aliliacha koleo, akapangusa mikono kwenye kikoi chake, na uso wake ukabaki umeelekea mahali nilipokuwa nimesimama.

"Ilianza lini?" niliuliza.

"Kitambo. Ilianza mu pembeni. Kama mutu anafunga mulango polepole, unabaki na ufa. Mu ule ufa nilikuwa bado naona vizuri, nasuka, naenda kusali. Sasa hata ufa sijui kama uko."

"Na sokoni? Nilikupita sokoni, nikakutazama."

"Ulinisalimia?"

Sikuwa nimemsalimia. "Nilikupungia mkono mara nyingi," nikasema, "kutoka kule barazani."

"Mukono gani?"

Majani yake ya rangi yalikuwa yakichemka na kumwagikia makaa. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, mimi mdogo wake, njia moja tu katikati yetu. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeeleza mahali alipoweka jembe:

"Nilikuwa nataka kukuambia. Nilisema, asubuhi moja nikimupelekea moto, nitakaa, nitamwambia. Nilijipanga asubuhi nyingi. Ile siku nilikuja niko tayari. Wewe ukasema ile neno. Sasa ningesema na nani? Na mutu mwenye moto yake?"

Tulikwenda hospitali siku hiyohiyo, ameshika bega langu. Daktari, msichana mwenye umri wa wajukuu zetu, alimmulika macho kwa muda mrefu, akasema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula polepole bila maumivu. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Ungewahiwa, dawa ingeuzuia pale ulipofika. Aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyejibu kwa Kifaransa, kwa nini hatukumleta wakati madaktari wa macho walipokuja, maana kwa maelezo yake mwenyewe wakati ule alikuwa bado akisuka maua ya mkeka kwa kuangalia. Njia ilipofunguka mkwe wangu alimpeleka Bukavu kwa gharama zake. Bukavu walisema vilevile.

Sasa kila asubuhi mimi ndiye ninayevuka. Nakoka moto wake, nawasha kiko chake, namshikia mpaka kishike. Chombo changu kiko mfukoni. Mkwe wangu aliniletea vichupa vipya na maji ya kutosha, nami nakitumia, sina sababu ya kukiacha. Ni chombo kizuri. Mtu akiniuliza kama kinafaa kwa matumizi ya kila siku, namwambia kinafaa, na wazee wawili wa parokia wamekinunua kwa maneno yangu.

Nilifikiri kingemfaa na yeye zaidi, maana kipofu na kaa la moto hawapatani. Nikamwekea mkononi, nikamwonyesha kizibo kwa ukucha wake mwenyewe. Alivuta, akaonja, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Hii ni kitu," alisema. "Haichome vidole. Haina kazi yoyote."

"Chukua. Nitaagiza kingine."

Alikipapasa kutoka juu hadi chini, taratibu, kama anavyopapasa ukingo wa mkeka kutafuta kosa. Kisha akanyoosha mkono kunirudishia, upande ambao sikuwepo, nikasogea nikakipokea.

"Hapana, mudogo wangu. Nikiwa nayo hii, wewe utakuja kutafuta nini?"

Ndani kwangu kuna mkeka alionisukia kabla ya asubuhi ile ya neno langu. Nimeutazama upya. Maua yake meusi yameanza sawa, na kuelekea ukingo wa kulia yanapinda, yanapinda tena, mpaka mstari wa mwisho haupo kabisa. Niliulalia mchana kwa miezi mingi, nikivuta, na sikuwahi kuutazama.

Kaka yangu alikuwa na macho ambayo bado yangeweza kuokolewa, na alikuja mlangoni kwangu kuniambia kwamba yanazima. Nikamwambia nina moto wangu. Sasa haoni, na hataona tena.